Ugonjwa wa Kudumu na Deni la Kazi

Swali la iwapo mfanyakazi mwenye ugonjwa wa kudumu, kama vile kisukari au selimundu, huwa na deni kwa mwajiri kila anapopunguza mwendo, halijibiwi na sheria ya nchi peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Lakini hesabu hiyo, pamoja na manufaa yake makubwa, inamfaa zaidi mtu anayeugua, akalala, akapona na kurudi. Nesi wa zamu ya usiku katika Hospitali ya Bombo mjini Tanga, au kuli wa bandari ya mji huo, akiwa na kisukari, hahitaji kulala nyumbani miezi miwili. Anahitaji kula kwa wakati, kujichoma insulini bila kujificha, na kwenda kliniki tarehe yake ifikapo, na haja hizo atakuwa nazo maisha yake yote.

Fikihi, yaani elimu ya hukumu za dini ya Kiislamu, ambayo katika pwani hii hufuata zaidi madhehebu ya Shafii, iliiona tofauti hii karne nyingi zilizopita. Katika mlango wa saumu, mgonjwa anayetarajiwa kupona hula, kisha hulipa siku zake baada ya Ramadhani. Lakini yule ambaye ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka halipi siku hata moja, bali hutoa fidia, ambayo ni kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku aliyokula, na jambo lake likawa limekwisha. Nafuu ya namna hii huitwa rukhsa, nayo si huruma ya imamu wala ya jirani, bali ni sehemu ya sheria yenyewe. Ndiyo maana anayesali ameketi kwa kushindwa kusimama yumo katika safu ileile, na sala yake ni kamili.

Inasikitisha, basi, kwamba hata katika ofisi zilizojaa waumini, mhasibu anayeomba ruhusa ya kwenda kliniki hutazamwa kana kwamba anakopa, naye hujitahidi kulipa kwa kukesha kazini, mpaka sukari ikapanda na ile tija iliyotafutwa ikapotea. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mtume Muhammad aliwakataza wenye watumishi kuwatwika kazi wasiyoiweza, na wakiwatwika, aliwaamuru wawasaidie; yaani, amri ya kusaidia imeelekezwa kwa yule anayetwika. Papa Yohane Paulo wa Pili naye, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alisisitiza kuwa kazi ipo kwa ajili ya mtu.

Mgonjwa ana amana yake pia, nayo ni kutumia dawa, kusema mapema anapozidiwa, na kutoifanya rukhsa kuwa maficho ya uvivu. Pingamizi lenye uzito zaidi hutoka kwa wenzake, kwa maana kuli mwenye afya ana haki ya kuuliza kwa nini mzigo wa mwingine uwe begani kwake. Lalamiko hilo ni la kweli, ila linapaswa kumwendea anayepanga zamu na kulipa ujira, kwa kuwa ndiye mwenye uwezo wa kumhamishia mgonjwa kazi ya kuhesabu shehena, kuongeza mtu katika kundi, na kumlipa zaidi anayebeba zaidi, kabla ya kuhesabu faida yake.