Taka Ni ya Nani?

Ndugu msomaji, liko swali dogo ambalo ni nadra kulisikia mimbarini wala barazani, nalo ni hili: maganda ya ndizi na machicha ya nazi yatokayo jikoni mwetu, yakisha kuvuka kizingiti cha mlango, huwa ni ya nani?

Wengi wetu hujibu kwa vitendo kwamba si yetu tena. Mtu hufagia nyumba yake, akaiosha, akafukiza udi, kisha taka akaiacha pembeni mwa njia, akajiona amekuwa safi. Kwa hakika hakuuondoa uchafu, ameuhamisha tu. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, na kinachoachwa mlangoni pa mmoja hupitiwa na wote. Masika yakiingia, taka hiyo huziba mifereji, na maji yakarudi majumbani mwa watu wasio na kosa.

Na ichukuliwayo kwa gari pia haipotei. Kwa miaka mingi taka ya kisiwa hiki ilimwagwa Kibarani, ukingoni mwa bahari, palepale mgeni anapoingilia mjini. Jaa lile lilipofungwa mwaka 2018, je, taka ilikwisha? Haikwisha, njia yake ikawa ni Mwakirunge, upande wa Kisauni, nako kuna watu, wana watoto wenye mapafu kama ya watoto wetu.

Basi sisi twaona kwamba taka ya mtu ni dhima yake mpaka itakapokoma kudhuru. Na kwa sehemu kubwa ya taka ya jikoni, dawa i uwani mwake mwenyewe: aigeuze mboji.

Huenda mtu akasema: "Kilichooza ni najisi, nasi ni watu wa twahara." Twamjibu: ganda la embe ni twahara, na kuoza hakulitii unajisi. Kuchukiza ni jambo moja na najisi ni jambo jingine. Anayechanganya mawili hayo hujiepusha na ganda, asijiepushe na kumuudhi jirani, ilhali Mtume (s.a.w.) amehesabu kuondoa chenye kudhuru njiani kuwa ni katika imani.

Mwingine atasema: "Nyumba itanuka, na panya watakuja." Twamjibu: kinachonuka ni kilicho kibichi kikirundikwa bila hewa. Weka tabaka la maganda, lifunike kwa tabaka nene zaidi la vitu vikavu: majani makavu, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, vipande vya karatasi. Unyevu uwe kama wa kitambaa kilichokamuliwa. Ligeuze fungu kila wiki lipate hewa, nalo litapata moto ndani yake na kupungua. Nyama, samaki na mafuta usitie, kwani hivyo ndivyo viitavyo panya. Kwa joto la pwani yetu, baada ya miezi miwili au mitatu utakuta udongo mweusi wenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Asiye na uwa atumie pipa lenye matundu juu ya dari, au washirikiane majirani.

Wa tatu, naye ndiye mwenye hoja nzito, atasema: "Nimelipa kodi; kuzoa taka ni kazi ya serikali ya kaunti." Ni kweli, kaunti ina wajibu wake, nasi hatuiondolei. Lakini sheria ya nchi ya mwaka 2022 nayo imeagiza taka ziozazo zitengwe na zisizooza, na kutenga huanzia jikoni. Tena fedha hukodi gari. Hazinunui ruhusa ya kumpelekea mtu wa Mwakirunge uvundo wetu.

Hatusemi kwamba mboji itamaliza kila taka. Plastiki haiozi, na chupa zataka dawa nyingine. Lakini kisiwa hiki kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na udongo wake ni haba. Mwenye kutupa maganda hutupa udongo, kisha akanunua udongo wa kupandia asumini na mpilipili wake. Huu ni israfu juu ya dhara.

Basi kila mmoja wetu na aanze kwa fungu moja dogo, nyuma ya nyumba yake. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.