Je, Sungura Anyamazaye Ameridhika?

Mtoto mmoja kijijini amepewa sungura. Kwa furaha amkamata masikio, amwinua juu, kisha amlaza chali mapajani mwake. Sungura hatikisiki. Mtoto awaambia wenzake: «Tazameni, ananipenda, amelala!» Je, asema kweli?

La, amekosea, ingawa hakukusudia ubaya. Sungura ni mnyama awindwaye. Kwa hiyo macho yake yako kando ya kichwa, apate kuona karibu pande zote. Na akishikwa asiweze kukimbia, huganda kama mfu. Aliyelazwa chali hakulala usingizi, bali ameshikwa na hofu.

Basi ashikwe namna gani? Kwanza, asiinuliwe kamwe kwa masikio. Mkono mmoja uwekwe chini ya kifua chake, wa pili utegemeze matako na miguu ya nyuma, naye aegemezwe kifuani pa mtu. Miguu yake ina nguvu, lakini mifupa yake ni myepesi. Akirusha mateke pasipo kutegemezwa, aweza kuvunjika uti wa mgongo. Pili, mtu aketi chini kimya, amwache asogee mwenyewe na kuunusa mkono. Tatu, azoezwe mapema. Sungura huzaliwa bila manyoya, naye hufumbua macho baada ya siku 10 hivi. Aliyezoea mkono mpole tangu uchanga wake huwaogopa watu kidogo kuliko asiyezoea.

Hapo mwingine huuliza: «Sungura hufugwa aliwe. Kumbembeleza leo atakayechinjwa kesho, si unafiki?» Swali hilo ni zito. Lakini mnafiki huonyesha wema asio nao. Ampaye mnyama wake majani, maji na mkono mpole amempa wema wa kweli, na siku hizo ndizo uhai wake wote. Ruhusa ya kula nyama si ruhusa ya kutesa. Hata siku ya kuchinja, kazi ifanywe upesi, bila mchezo wala kicheko. Na mtoto akilia siku hiyo, asichekwe, kwa maana amejua thamani ya chakula chake.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mwanadamu aweza kuwatumia wanyama. Lakini alionya kwamba mtu azoeaye ukatili kwa mnyama aweza kuugeuzia watu. Jambo hilo laonekana hata nyumbani. Mwenye nguvu humwona mke au mtoto amenyamaza mbele yake, akasema: «Ameridhika.» Pengine ameganda kwa hofu tu, kama sungura yule.

Basi mtoto na amgeuze sungura wake, amweke chini polepole, aketi karibu naye na kungoja. Huenda leo sungura asije. Kesho aketi tena.