Baridi, Moto wa Makaa na Jogoo



Somo letu limo katika Injili ya Yohana, sura ya 18, tangu mstari wa 15 hata 27. Twalisikia kila Ijumaa Kuu, na kwa desturi masikio yetu hukimbilia mwishoni, jogoo anapowika. Leo twaomba mtazame kwanza mstari wa 18. Mwinjili asema kwamba usiku ule kulikuwa na baridi, watumishi wamewasha moto wa makaa, na Petro amesimama kati yao akiota moto. Sisi wa Kitomanga baridi ya namna hiyo hatuijui. Kusi likivuma mwezi wa Julai twaongeza kanga moja, twasema tumeganda! Lakini Yerusalemu iko juu milimani, na miaka mingine hata theluji huanguka huko.

Wengi wetu twafuga kuku nyuma ya nyumba. Ndio akiba ya mama wa nyumba na ya mjane: daftari la mtoto, nauli ya kwenda hospitali Lindi, hata sadaka ya Jumapili. Huku kwetu adui wao si baridi peke yake, bali baridi pamoja na maji. Mwezi wa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua hata barabara ya Dar es Salaam ikakatika huko Somanga, kuku wetu waliozoea kulala mwembeni tuliwakuta asubuhi wamelowa chapachapa, wawili wamekufa.

Mwenyezi Mungu amemvika kuku vizuri. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, kupita letu. Ajivimbishapo manyoya hushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lake. Manyoya yakilowa, blanketi limekwisha. Ndiyo maana wafugaji wa Kanada, ambako maji hugeuka jiwe ndooni, huweza kuwapitisha kuku wazima katika majira ya baridi bila moto wowote. Banda liwe kavu, upepo usiwapige walipolala, na juu karibu na paa pawe na nafasi ya kutoa mvuke wa pumzi na wa kinyesi. Unyevu ukifungiwa ndani ndio unaowaumiza hata vilemba vyao vikafa kwa baridi. Huwapa nafaka jioni ili tumbo lifanye kazi usiku na kutia joto, na fito za kulalia huwa pana, kuku apate kuvikalia vidole vyake.

Kifaranga ni habari nyingine. Hana manyoya bado, ana sufi tu. Juma la kwanza ahitaji nyuzi 32 hata 35, na joto hilo kalipata tangu zamani mahali pamoja, chini ya mama yake. Bwana wetu alipoulilia mji ule (Mathayo 23:37) hakutafuta mfano wa mbali. Alitaja mabawa ya kuku.

Basi yatubidi kusema jambo ambalo hatujapata kulisema hadharani.

Miaka ya 1980 tulifundisha nyanda za juu, upande wa Njombe. Huko mwezi wa Juni na Julai alfajiri waweza kukuta sakitu imelala juu ya majani kama chumvi. Shule ilikuwa na mradi wa kuku, nasi tulikuwa wasimamizi. Tukawatoa vifaranga kwa mama zao ili matetea warudi kutaga upesi, maana tulipenda hesabu ya mayai. Tukawaweka katika chumba kidogo, tukaziba kila tundu kwa magunia na udongo, tukaingiza jiko la mkaa. Mtoto wa darasa la sita aliyekuwa zamu alikuja kutuambia, "Mwalimu, vifaranga wanahema vibaya, tufungue dirisha." Tukamjibu aache, kuna baridi. Asubuhi chumba kilikuwa na joto zuri, na vifaranga 31 wote wamekufa.

Makaa yawakapo penye hewa haba hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Huua kuku, huua na watu. Enyi mnaoingiza jiko chumbani walalamo watoto wakati wa mvua, litoeni leo hii, msingoje kumaliza gazeti hili.

Mwalimu mkuu aliuliza nani alikuwa zamu. Tulikuwa ofisini tumesimama penye moto, mikono tumeinyosha. Tukasema mtoto yule aliacha mlango wazi, baridi ikaingia. Akachapwa viboko mbele ya shule nzima. Hakulia. Alitutazama mara moja tu, akaenda zake darasani. Luka aandika kwamba Bwana naye aligeuka akamtazama Petro. Tangu siku ile hatujapata kuusoma mstari huo kanisani kwa sauti thabiti, na wengine wenu mmekuwa mkidhani ni kifua.

Tuliungama kwa padre, tukapewa ondoleo. Padre akatuagiza pia tumwombe radhi mtoto mwenyewe. Hilo tuliliahirisha mwaka baada ya mwaka. Tukapata uhamisho, tukastaafu, tukajiambia kwamba Mungu amekwisha kusamehe. Lakini fungueni Yohana 21, mstari wa 9. Bwana aliyefufuka amewasha moto pwani, nao ni wa makaa tena. Hapo ndipo alipomwuliza Petro mara tatu. Angaliweza kumpa samaki na mkate akanyamaza.

Banda letu la sasa lina uwazi wa shubiri moja chini ya makuti, tumeuwekea wavu kwa sababu ya vicheche. Sakafu ina pumba za mpunga, nazo twazibadili zikilowa. Vifaranga hukaa na mama yao hata waote manyoya. Mayai yamepungua, kweli.

Mwanafunzi yule sasa amepita miaka hamsini. Mwaka huu tulipata habari kwamba yu hai na yuko huko huko. Tumemwandikia barua, tukaeleza yote, pamoja na jina la aliyeziba dirisha. Jibu halijafika. Mtuombee, na yeye mmwombee.