Je, Kuvumilia Ni Wema Siku Zote?



Watoto wetu tunawafundisha tangu wadogo ya kwamba mvumilivu hula mbivu. Tunawaambia hivyo wanaposhindwa na hesabu, wanapochoka shambani, wanapotaka kuacha shule. Ni mafundisho mema. Lakini yako maswali ambayo methali hiyo peke yake haiwezi kuyajibu, na mojawapo ni hili: mtu aliyeumia, naye bado aweza kujikokota mbele, je, kuendelea kwake ni wema siku zote? Au iko saa ambayo kuacha ndiko kunakofaa, na kuendelea ni kosa?

Swali hili laweza kuulizwa juu ya kazi, juu ya ndoa, hata juu ya uongozi. Leo tuliulize juu ya michezo, kwa sababu huko jambo huonekana wazi. Yupo mtu, upo mwili wake unaouma, uko mstari wa mwisho, na kando ya njia tupo sisi watazamaji.

Michezo mitatu kwa asubuhi moja

Yako mashindano ambayo mtu huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia kwa miguu, yote mfululizo. Huitwa traiathloni. Kwa sura yake ya leo yalianza San Diego, Marekani, mwaka 1974, na yaliingia katika Michezo ya Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Yale mafupi huwa na meta 750 za kuogelea, kilometa 20 za baiskeli na kilometa 5 za mbio. Kwa sisi wa Bagamoyo ni kama mtu aogelee mbele ya mji maji yakiwa yamejaa, apande baiskeli katika barabara ya Dar es Salaam kupita Kiromo na Zinga, halafu akimbie umbali kama wa kwenda magofu ya Kaole.

Wengi wa wanaoshiriki ni wanamichezo wa ridhaa, wala hakuna anayewalipa. Mtu ana kazi yake siku za juma, ana jamaa ya kulisha, na mazoezi huyafanya alfajiri kabla jua halijawa kali. Tena wengi wao huumia. Sababu yake si ngumu kueleza. Moyo na mapafu hupata nguvu kwa majuma machache tu ya mazoezi, lakini mifupa na kano hukomaa polepole, kwa miezi mingi. Basi mtu hujiona ana pumzi ya kukimbia mbali zaidi, kumbe miguu yake haijawa tayari. Goti linauma, kano ya kisigino inavimba, bega linakataa kuogelea. Hata mfupa wa ugoko huweza kupata ufa mwembamba kama unywele, na mtu akizidi kuukimbilia, siku moja huvunjika kabisa. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa mfikirie mtu huyu. Mashindano yamebaki majuma mawili. Kiingilio amekwisha kulipa, wenzake wote wanajua kwamba atashiriki, na goti linamuuma kila akishuka ngazi. Iko dawa ya kutuliza maumivu dukani. Afanye nini?

Wawili wa Mexico

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mji wa Mexico, walianza wakimbiaji 75 mbio ndefu za marathoni. Mji ule uko juu sana, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kati yao alikuwapo John Stephen Akhwari, mkulima kutoka Mbulu, akiiwakilisha Tanzania. Alikuwapo pia Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda mbio hizo Roma mwaka 1960 akikimbia bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964, majuma machache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo.

Bikila alikuwa na maumivu ya mguu tangu kabla ya mbio. Alipofika karibu kilometa 17, aliacha. Akhwari naye alianguka njiani katika msongamano wa wakimbiaji, goti likateguka na kuchanika, bega likaumia. Akafungwa bendeji, akaendelea, mara akikimbia, mara akitembea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani baada ya saa 3 na dakika 25, giza likiingia na watu wengi wamekwisha kwenda zao. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana hii: nchi yake haikumtuma mbali vile ili aanze mbio, bali ili azimalize.

Jibu hilo limeenea duniani kote, na ni haki lienee. Mwaka 1983 Taifa lilimtunukia nishani. Lakini mara nyingi tunapomsifu Akhwari, Bikila tunamsahau. Je, yule aliyeacha alikuwa mwoga? Aliyekimbia Tokyo na kidonda cha upasuaji hakijapona sawasawa, aweza kuitwa mwoga? La. Basi ikiwa mmoja aliendelea na mwingine akaacha, na wote wawili hatuwezi kuwalaumu, ni lazima wema uwe mahali pengine kuliko katika kuendelea kwenyewe.

Maswali matatu

Mioyoni mwao hatukuingia. Lakini twaweza kutazama hali ya kila mmoja, nayo yatufundisha maswali matatu ambayo kila mwenye maumivu yampasa kujiuliza.

La kwanza: mzigo huu ni wa nani? Akhwari alibeba ujumbe wa watu wengine. Nchi yake ilikuwa changa, na kule kufika kwake tu kulikuwa na maana kwa waliomtuma. Tena alipoanguka aliacha kutafuta ushindi; akakubali kuonekana wa mwisho. Mtu wa majivuno asingekubali hivyo. Bikila, kwa upande wake, hakuwa na la kuthibitisha, na bendera yake ilikuwa bado mikononi mwa Mamo Wolde.

La pili: gharama yake italipwa na nani? Mvuvi akilemaa, nani atavuta nyavu? Mama anayetembeza samaki akipooza mguu, watoto watakula nini? Mara nyingi mtu husema, “Mwili ni wangu, maumivu ni yangu,” lakini siku ya kushindwa kusimama, ni mkewe anayembeba na ni mwanawe anayekosa ada. Maumivu ni yake peke yake, lakini ulemavu huwa ni wa nyumba nzima.

La tatu: nikisimama leo, iko kesho? Mambo mengine yakipita yamepita. Mashindano mafupi ya asubuhi moja hurudi mwaka unaofuata, lakini gegedu la goti likiisha kulika, halirudi vivyo hivyo.

Yule ndugu yetu wa majuma mawili akijiuliza maswali haya kwa unyofu, nadhani jibu lake, kama lilivyo jibu la wengi wetu wanamichezo wa ridhaa, litakuwa ni kusimama. Hakuna aliyemtuma. Gharama haiko juu yake tu. Na kesho iko. Akimeza dawa ili asisikie maumivu, hakuondoa hatari. Amemnyamazisha mlinzi aliyekuwa akipiga kelele usiku. Tena baadhi ya dawa hizo, mtu akizinywa huku jua ni kali na maji yamempungukia mwilini, huweza kuumiza figo.

Mtu aweza kunipinga akisema, “Ukifundisha hivyo, vijana watakuwa walegevu; kila mwenye kuchubuka atakaa chini.” Pingamizi hili lina haki yake. Kama yako majivuno yanayojiita uvumilivu, uko pia woga unaojiita busara. Misuli inayouma siku mbili baada ya kazi ngumu haina hatari, na asiyetaka maumivu ya aina yoyote hatajenga nguvu. Lakini maumivu yanayomfanya mtu achechemee, yanayozidi kila akiendelea, yanayomwamsha usiku, au yanayokuja na uvimbe, hayo ni ya kumwona daktari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa methali yasema kweli tupu.

Mafundisho ya wapagazi

Sisi wa mji huu twapaswa kulielewa jambo hili kuliko wengine. Bagamoyo palikuwa mwisho wa njia ya misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuja kutoka bara na mizigo ya kilo 30 hivi begani, mwendo wa miezi. Wengi husema jina la mji latokana na maneno “bwaga moyo”: hapa ndipo mtu alipotua mzigo, moyo ukapumua. Wako pia waliofika hapa minyororoni, nao hawakuulizwa kama wanataka kuvumilia. Tuwakumbuke kabla hatujausifu uvumilivu kwa wepesi, kwa maana uvumilivu wa kulazimishwa si sifa ya anayevumilia. Ni aibu ya anayelazimisha.

Tuwakumbuke pia Chuma na Susi na wenzao. Livingstone alipokufa mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, waliubeba mwili wake hadi hapa Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipofika Unyanyembe walishauriwa na Wazungu wamzike huko, wakakataa. Huo ni uvumilivu mkubwa. Lakini angalieni neno moja: mwanzoni mwa safari wengi wao waliugua, nao wakakaa kambini hadi walipopata nafuu, ndipo wakaendelea. Wangalikaza mwendo huku wakifa mmoja mmoja, mwili ule usingalifika pwani. Kule kukaa kambini kulikuwa ni sehemu ya safari.

Ndivyo ilivyo kwa mwenye goti bovu. Mchezo huu wa vitu vitatu una rehema ndani yake: asiyeweza kukimbia huenda akaogelea, na mwenye bega bovu huenda akapanda baiskeli. Na asiyeweza hata kimoja, kazi yake ni kufanya kila siku yale mazoezi madogo aliyoelekezwa, miezi mitatu au minne, pasipo mtu wa kumpigia makofi. Hilo ni gumu kuliko kuchechemea kilometa tano mbele ya watu. Bikila mwenyewe alipatwa na ajali ya gari mwaka 1969, akapooza miguu. Mwaka uliofuata alishindana Uingereza kwa upinde na mishale, akiwa katika kiti cha magurudumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Neno kwa watazamaji

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya kupiga mbio, nasi twapenda kuyahubiri maneno hayo. Lakini katika waraka ule ule aliwaambia pia kwamba miili yao si mali yao wenyewe. Mafundisho hayo mawili yanakwenda pamoja. Mwili ni amana. Mwenye amana huitumia, wala haifukii ardhini kwa woga; lakini pia haichezei kamari.

Na amana hiyo hailindwi na mwenye mwili peke yake. Februari 1982, katika mashindano marefu ya michezo mitatu huko Hawaii, Julie Moss alikuwa akiongoza upande wa wanawake. Karibu na mwisho miguu ilikataa, akaanguka, akapitwa, akatambaa kwa mikono hadi mstarini. Picha zake katika televisheni ziliwavuta watu wengi katika mchezo huo. Twapenda kumwona mtu akitambaa. Na mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: sisi tulioketi kivulini twapiga kelele “Kaza! Kaza!” lakini goti si letu.

Akhwari alipona. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Lakini je, kama asingepona? Uamuzi wake ungebaki wa heshima, kwa kuwa aliuchagua mwenyewe kwa ajili ya waliomtuma. Ila sisi tusingekuwa na ujasiri wa kumsimulia kila kijana anayechechemea habari zake, kana kwamba ni amri. Hadithi yake ni zawadi aliyotupa. Tusiigeuze kuwa fimbo.

Basi mzazi, mwalimu wa michezo, au rafiki, kabla hujamwambia mwenzako “vumilia”, muulize kwanza anaumwa wapi. Na akiamua kusimama, usimwache akae kambini peke yake.

Kwa mazungumzo katika vikundi vya vijana na akina mama

1. Ni mzigo gani unaoubeba leo ambao hakuna aliyekutuma kuubeba?
2. Ukilemaa kwa ajili ya mzigo huo, ni nani atakayelipa pamoja nawe?
3. Katika mtaa wetu ni nani aliyeacha jambo kwa sababu ya ugonjwa au kuumia, nasi hatujakwenda kumtazama?