Mnazi mmoja, walaji watatu

Ramadhani 14, darsa fupi.

Ndugu zangu, juzi nilikuwa Pangani, nikakaa chini ya mnazi na mzee mmoja mkwezi. Akanionyesha kuti lililokatika pembe kama limepitishwa mkasi. "Kazi ya chonga hii, Shehe." Chonga anatoboa kileleni, anakula kuti likiwa bado limejikunja. Likishafunguka ndiyo unaona alama. Vidaka hana habari navyo. Vidaka vina mlaji wake, mdudu mwenye mdomo kama sindano, anavifyonza vikiwa vichanga mpaka vinadondoka. (Huyo anaogopa majimoto, ndiyo maana mzee hataki chungu wale wachomwe, wang'ate watakavyong'ata.) Naye kilele hakiwezi, mdomo wake haukuumbiwa kazi hiyo. Mchwa yuko chini, anaotea miche.

Msije mkasema Shehe anasifia wadudu. Ni waharibifu, wala hawagawani kwa mapenzi. Ila Suratu Hud, aya ya 6, inatujulisha kwamba riziki ya kila kitembeacho ardhini iko juu ya Mola. Pale mnazini nimeiona imepimwa mpaka kwenye umbo la mdomo.

Sasa sisi wanaadamu, mdomo wetu unakula kilele, unakula kidaka, na nazi ya jirani pia unaiweza. Sisi tumewekewa mpaka kwa sheria tu.

Kuna familia moja, wamenipa ruhusa niseme bila majina. Baba kaacha shamba la minazi. Watoto wawili wa kiume wanaangua, wanauza. Dada yao anapelekewa madafu manne na salamu. Mwaka wa sita huu. Ukiwauliza: "Yeye si kaolewa?" Suratun Nisaa, aya ya 7, imempa mwanamke fungu lake katika walichoacha wazazi, kiwe kichache au kingi. Haikuuliza kaolewa wapi.

Nikawaambia: mchana kutwa mnajizuia maji ya mtungi wenu wenyewe, halali yenu. Magharibi ikiadhiniwa mnafuturu mhogo wa nazi. Lile tui ni la nazi ya nani?

Mkubwa wao akainama, hakujibu. Mdogo akasema hesabu za nyuma hazipo. Zipo, aliyekuwa akinunua nazi zao ana daftari.

Leo baada ya Tarawehe tunakaa barazani, dada yao naye atakuwepo, na daftari linakuja. Tuombeeni.

Wabillahi tawfiq.