Taa Moja, Sahani Moja

Mwaka 1885, huko Nuenen katika nchi ya Uholanzi, Vincent van Gogh alichora wakulima watano wakila viazi usiku chini ya taa moja. Hakutia rangi za kupendeza: picha yote ina weusi wa udongo, mfano wa kiazi chenye vumbi kisichomenywa. Alitaka tutambue ya kwamba mikono inyoshwayo sahanini ndiyo iliyolima.

Jamaa nyingi za Kasulu na Kibondo zaijua jioni ya namna hiyo: kibatari, ugali wa muhogo, maharage ya shamba lao. Je, ni halali kuuona umaskini kuwa mzuri? Twajibu: hasha! Giza si fadhila, wala dhiki si pambo la nyumba. Kilicho kizuri ni chakula cha jasho la haki, na nuru imfikiayo kila alaye.

Basi, mwenye kuisifu picha hiyo, kisha akampunja mkulima bei ya maharage yake, ameipenda rangi na kumdharau mtu. Nasi tulao maharage hayo mijini, kabla ya kusali sala ya chakula yatupasa kujiuliza: je, mikono iliyoyalima imelipwa?