Mtumbwi Atarudisha Nani?

Kuna taabu inayomfuata mtu nyumbani kwake, na kuna taabu ambayo mtu huifuata kwa nauli yake. Hii ya pili siku hizi ina wateja wengi mjini. Vijana tunachangishana, tunapanda milima, tunalala porini, tunarudi na malengelenge na picha. Sisi marafiki sita tulichagua Rufiji: siku nne ndani ya mitumbwi, kutoka Mloka kushuka hadi Utete, usiku tukilala kwenye mahema juu ya mafungu ya mchanga.

Mimi naishi Gerezani. Tangu alfajiri mtaa wetu ni wa mizigo: marobota, mabati na vyuma vinapita juu ya mikokoteni na mabega ya watu kuelekea Kariakoo, huku honi za mwendokasi zikiwataka wapishe. Jirani yangu mmoja anasukuma mkokoteni. Nilipomweleza kuhusu safari yetu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Kwa hiyo, mdogo wangu, unalipa hela ili uchoke?”

Jibu jepesi ni kwamba tofauti iko kwenye hiari: mimi nimechagua, yeye hakuchagua. Lakini jibu hilo halikufika mbali. Siku ya tatu upepo ulitukabili tangu asubuhi, na mikono iliyochubuka haikujua kwamba nimelipia. Viboko wakiwa mbele na ukingo ukiwa mbali, hiari yangu ilikuwa imebaki Mloka. Na jirani yangu naye atakuambia kwamba hakuna aliyemlazimisha kushika mkokoteni, isipokuwa kodi ya chumba na mahitaji ya watoto. Maumivu hayatutofautishi, na hiari peke yake haitoshi.

Tofauti niliyoiona mimi ilijitokeza kabla hatujaingia majini, tulipokuwa tunapatana bei. Wenye mitumbwi walitutajia malipo ya siku kumi. Mwenzetu mmoja akasema safari ni ya siku nne, tena kafi tutapiga wenyewe. Mzee mmoja akamjibu kwa upole, “Sawa wanangu, kushuka mtapiga nyinyi. Mtumbwi atarudisha nani?”

Kushuka, maji yanakubeba. Kupanda, unasimama na pondo unasukumana na mkondo siku baada ya siku, bila mgeni wala kamera. Tulilipa siku kumi. Tulipofika Utete sisi tukapanda gari kurudi Dar es Salaam, wao wakageuza mitumbwi.

Basi, taabu ya kujitakia ni nusu ya taabu, ile nusu ya kushuka. Ina mwanzo, ina mwisho, na ina msimuliaji. Nusu ya kupanda anaachiwa mtu mwingine, na hakuna anayemwomba asimulie.

Mto ule umeshaona mgawanyo huo. Mwaka 1917, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Uingereza na Ujerumani yalikabiliana Rufiji, na mizigo yao ilikuwa vichwani mwa wapagazi Waafrika. Makumi ya maelfu yao walikufa katika vita vile, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Frederick Selous, Mwingereza aliyeuawa Behobeho Januari 4 mwaka huo, alipewa pori zima la akiba kwa jina lake. Ilipofika 2019 ndipo sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alirudi kwao akapokewa kwa shangwe, akaandika kitabu. Wapagazi walituachia neno moja: Carrier Corps, kikosi chao upande wa Waingereza, kilichokuwa na kambi hapa mjini. Ulimi wa Kiswahili ukalifanya Kariakoo.

Wapo watakaosema basi tukae nyumbani, kwamba kuigiza taabu ni kuwakejeli wenye nayo. Sikubaliani nao. Mwili usiowahi kuchoka hauna hata kipimo cha kukisia uchovu wa mwingine, na fedha iliyobaki Mloka si kejeli. Kosa ni kurudi na kutangaza kwamba sasa nayajua maisha ya watu. Siku nne zilinifundisha uzito wa kafi. Hazikunifundisha kuamka siku ya tano bila kujua kama kazi itakuwepo.

Swali la yule mzee, kwa hiyo, ni kipimo kizuri hata huku mjini. Tunapopatana na mbeba mzigo Gerezani, hoja yetu ni ileile: “Si hapo tu, Msimbazi?” Tunahesabu njia ya kwenda. Hatuhesabu mkokoteni unaorudi mtupu, saa za kusubiri juani, wala mgongo ambao hautafanya kazi hii miaka yote. Bei ya haki inahesabu safari nzima. Siku za kurudi mtoni zilihesabika, tukazilipa. Za mgongo wa jirani yangu sijui zinahesabiwaje, lakini najua kwamba mpaka sasa anazilipa yeye mwenyewe.